Maswali ya Wasomaji: Chuo cha Ufundi, Karo na Makaratasi Yake

Kila matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, yanapotoka, sanduku letu hujaa swali moja kwa sura nyingi: chuo cha ufundi kitamfaa mtoto, au ni kumpotezea miaka? Kitamfaa, tena sana, mradi ajue tangu siku ya kwanza anatafuta makaratasi gani na yatamfungulia kazi ipi. Tumechagua barua tano.

Mwanangu wa kiume amepata D. Babake anataka arudie kidato cha nne. Mwenyewe amekata tamaa, anashinda maskani. Nasikia vyuo vya ufundi vinampokea mwenye D. Je, atatoka na kitu huko, au ni cheti cha kutundika ukutani? — Mama, Mtongwe

Pole na mzigo huo, mama. D haijamfungia mlango. Kwa mpangilio wa KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi vyuo, shahada inataka C+, diploma inataka C-, cheti cha ufundi ambacho wengi hukiita krafti kinataka D, na mwenye D- au E huanzia ngazi ya atizani, yaani cheti cha fundi wa mwanzo. Kwenye vyeti vya TVET CDACC, baraza la mitaala na mitihani ya ufundi, ngazi hizo zimepewa nambari: atizani ni ya 4, krafti ya 5, diploma ya 6. Mwanao anaingia ya 5 moja kwa moja. Akiimaliza vizuri anaomba ya 6, na mwenye diploma anaweza kuomba shahada, ingawa kila chuo kikuu kina masharti yake kuhusu masomo yatakayohesabiwa. Wala ngazi si jambo geni mjini kwetu. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor kilianza kama chuo cha ufundi cha Waislamu, MIOME, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1951, kikawa politekniki 1972, na kikapata hadhi ya chuo kikuu kamili 2013.

Kurudia kidato cha nne tungemshauri yule aliyeugua au aliyekosa masomo kwa sababu inayojulikana. Aliyesoma miaka minne kwa afya njema akapata D, mwaka mmoja zaidi wa masomo yale yale mara nyingi humwongezea kidogo tu, na humla moyo.

Tatizo kubwa ni kozi wanazochagua watoto wetu. Wengi hukimbilia usimamizi wa biashara kwa kuwa jina lake ni zuri. Tazameni Mombasa inaishi kwa nini: bandari, hoteli, maghala ya baridi ya samaki na majengo yanayopanda kila mtaa. Hapo kuna kazi ya friji na AC, mabomba, umeme, kuchomelea vyuma, upishi wa hoteli. Mpeleke akaone karakana kabla hajajaza fomu. Kenya Coast National Polytechnic iko Kisauni; kazi za meli na bandari ziko Bandari Maritime Academy; na vituo vya ufundi stadi vya kaunti viko karibu zaidi na nyumbani kwa anayeanzia chini. Akiwa karakanani aulize: mashine hizi zinafanya kazi? Wanafunzi wangapi wanatumia moja? Kozi nyingine pia zinadai alama fulani katika hesabu au fizikia, kwa hiyo asome masharti ya kozi yenyewe, asitosheke na alama ya jumla. Vyuo hupokea wanafunzi Januari, Mei na Septemba, hivyo akikosa awamu moja hajapoteza mwaka.

Kuhusu pesa, karo hubadilika, basi fuata barua ya kuitwa chuoni, usifuate maneno ya mtaani. Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, upo kwa wanafunzi wa vyuo vya umma vya ufundi. Mara nyingi maombi hukwama kwa sababu ya jina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha KCSE Mohammed, kitambulisho Muhammad, na akaunti ya benki ina majina mawili badala ya matatu. Kompyuta haijui kwamba ni mtu mmoja. Anapokwenda kuchukua kitambulisho, abebe cheti cha kuzaliwa na cha shule, na asome herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi. Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa jina lake, si lako. Basari ya eneo bunge na ya kaunti hulipwa chuoni, kwa hiyo nakala ya barua ya kuitwa na ya mchanganuo wa karo ziwe tayari kabla tangazo halijatoka.

Tenga pia fungu la vitu visivyoandikwa kwenye karo: ovaroli, viatu vya usalama, vifaa vya mkononi, nauli. Feri ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini msongamano wa asubuhi haumsubiri mtu. Kipindi cha karakana kikianza saa mbili, avuke mapema, kwa kuwa akikosa zoezi la vitendo si rahisi kulifidia kwa kunakili daftari la mwenzake.

Mimi ni fundi wa umeme, kazi nimejifunza kwa mjomba. Nyumba nafunga, wateja wanaridhika, lakini kila ikifika hatua ya kuunganishiwa stima natafuta mtu mwingine atie sahihi na namlipa. Umri umesonga, nirudi darasani na watoto? — Fundi, Bamburi

Hapana haja ya kuanza mwanzo, kaka. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, ambayo yana kituo hapa Mombasa: unaanza gredi ya III, unapanda II, kisha I. Kuna sehemu ya vitendo na ya nadharia, na mafundi wazoefu huanguka kwenye nadharia kwa sababu wanajua kufanya bila kujua kueleza. Tafuta mtu akupitishe kwenye michoro ya umeme na kanuni za usalama wiki kadhaa kabla.

Ya pili ni utambuzi wa ujuzi uliopatikana kazini, chini ya KNQA, mamlaka ya kutambua vyeti na sifa za kitaaluma. Unajitathmini mwenyewe ukilinganisha kazi unazozijua na vigezo vya cheti unachokitaka. Unaleta ushahidi: picha za kazi zikiwa katikati, si zilizokamilika tu, stakabadhi, barua za wateja au wakandarasi. Kisha unahojiwa na kutazamwa ukifanya kazi. Wakikuta pengo, unasoma kipande kile tu.

Hata hivyo, cheti peke yake hakitakuondolea gharama ya kukopa sahihi ya mtu. Anayetia sahihi anatakiwa awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati. Daraja la C2 ni la kazi za umeme wa fezi moja, yaani nyumba nyingi unazofunga, na juu yake kuna C1, B na A1. EPRA huangalia cheti, uzoefu na namna unavyojibu maswali. Kwa hiyo chagua cheti ambacho kitakubaliwa kwa daraja unalolitaka, na uliulize hilo kabla ya kulipia mtihani wowote. Na kwa vile paa nyingi za Pwani sasa zinawekwa sola, fahamu kwamba ufungaji wake una leseni zake, T1 hadi T3. Ya stima haikutoshelezi.

Niko chuoni, kozi ya friji na AC, ngazi ya 5. Wakufunzi wanasisitiza faili la ushahidi na kitabu cha kazi. Wenzangu wanasema watajaza usiku wa mwisho. Kweli vina uzito hivyo? Na atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, niende kampuni kubwa au karakana ndogo? — Mwanagenzi, Changamwe

Vina uzito kuliko karibu kila kitu kingine utakachofanya chuoni. Katika mtaala wa umilisi hupimwi kwa mtihani mmoja wa mwisho. Kila sehemu ya kozi ina vigezo, na mtathmini anatafuta ushahidi kwa kila kigezo: umeweza, au bado hujaweza. Ukiwa na ushahidi wa vigezo tisa kati ya kumi, anachokihitaji ni ule wa kumi. Habari njema ni kwamba ukishindwa sehemu moja unarudia ile tu.

Kitabu cha kazi cha wengi kinasomeka hivi: “Jumatatu, nilisaidia fundi kutengeneza AC.” Mstari huo haumwambii mtathmini lolote. Uandike hivi: “AC ya BTU 12,000, chumba cha wageni, haipoozi. Nimepima presha ya upande wa chini, iko chini ya kawaida. Nimepaka maji ya sabuni kwenye maungio; povu limetoka kwenye nati ya fleya ya kitengo cha nje. Nimekusanya gesi iliyobaki kwenye mtungi, nimekata mdomo wa mrija na kutengeneza fleya mpya, nimejaribu kwa naitrojeni, nimevuta vakyumu, nimejaza gesi kwa mizani kulingana na kibandiko cha mashine.” Halafu chini uweke sababu: chumvi ya hewa ya bahari imekula maungio na mapezi ya alumini, kwa hiyo mteja ameshauriwa kuosha kitengo cha nje kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Ukurasa huo unaonyesha utambuzi wa hitilafu, usalama, matumizi ya vifaa na ushauri kwa mteja. Vigezo vinne kwa kazi moja.

Makosa yanayoangusha watu tunayajua. Picha inaonyesha AC inayong'aa ukutani, lakini wewe humo, hivyo hakuna wa kusema kazi ni yako. Tarehe hakuna. Sahihi za msimamizi zote za wino mmoja siku moja. Simu imeibiwa na picha za miezi mitatu zimekwenda nayo. Peleka nakala kwenye barua pepe yako kila Ijumaa. Na kuna wanaorundika picha ishirini za kusafisha vichujio, wakati kigezo cha kufunga mashine mpya hakina hata moja.

Kuhusu atachimenti, sisi tungekushauri karakana ndogo yenye kazi nyingi, isipokuwa kampuni kubwa iwe na mpango wa kukuzungusha idara mbalimbali. Kwenye shirika kubwa unaweza kukaa miezi mitatu ukibeba ngazi na kujaza fomu. Kwa fundi wa friji mwenye wateja wa mabucha na vibanda vya samaki, siku ya pili unashika geji. Ila hakikisha karakana ina mtu aliyehitimu atakayekutilia sahihi, na kwamba chuo kinaikubali.

Anza kupeleka barua miezi miwili kabla, ukiambatanisha barua ya chuo na nakala ya bima, kwa kuwa makampuni mengi hayampokei mwanagenzi asiye na bima. Siku ya kwanza mpe msimamizi orodha ya kazi unazotakiwa kuzifanya. Usiseme kwa ukali, sema, “Mzee, chuo kinataka nionekane nimefanya hizi, naomba nikumbushwe zikitokea.” Wengi hawakunyimi, ni vile hawajui. Ikifika wiki ya tatu bado unatumwa chai, mpigie mkufunzi wako, usisubiri siku atakayokuja kukukagua.

Kuna wakala ananiahidi nafasi katika chuo cha jamii Marekani, viza “ya uhakika” na kazi ya kunilipia karo. Anataka malipo ya mwanzo. Vyuo hivyo ni vya kweli? — Kijana, Kisauni

Vyuo ni vya kweli. Ahadi za wakala ndizo hazisimami. Chuo cha jamii Marekani ni chuo cha umma cha miaka miwili. Kile cha Joliet, Illinois, kilianza 1901, na leo viko mamia kwa mamia. Unasoma takriban krediti 60, yaani vizio vya kuhesabia masomo, unapata shahada ya miaka miwili iitwayo associate, kisha unaweza kuhamia chuo kikuu cha miaka minne kumalizia. Kwa mwenyeji wa mtaa ule ni bei nafuu, na ndiyo sababu vimeinua familia nyingi za kule. Mgeni hutozwa mara kadhaa zaidi, na vingi havina mabweni.

Chuo kinachoruhusiwa kupokea wageni hukupa fomu ya I-20, inayothibitisha kuwa umepokewa. Wewe unalipa ada ya SEVIS, mfumo wao wa kusajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, kwenye tovuti ya serikali yao, kisha unaomba viza ya mwanafunzi, F-1, ubalozini na kuonyesha pesa za mwaka wa kwanza. Afisa wa ubalozi ndiye anayeamua, hakuna wa kukuhakikishia. Kazi unayoruhusiwa ni ndani ya chuo, saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea, na haiwezi kulipa karo ya mgeni. Kufanya kazi nje bila idhini kunaweza kukuondolea hadhi yako ya uanafunzi. Usimpe pesa huyo. Andikia chuo moja kwa moja, na swali lako la kwanza liwe ni vyuo vikuu vipi vina makubaliano ya maandishi ya kupokea krediti zake, kwa sababu wapo waliohama wakakuta nusu ya masomo hayahesabiwi.

Chuo kimefunguliwa ghorofani karibu nasi, karo nafuu, kinasema kimesajiliwa. Nitajuaje? — Mzazi, Jomvu

Chuo kuwa na leseni ya TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, ni nusu ya jibu. Kila kozi inatakiwa iwe imeidhinishwa, na kuna vyuo vyenye leseni halali vinavyofundisha kozi nne huku mbili zikiwa hazimo. Tazama jina la chuo kwenye tovuti ya TVETA, kisha omba kuona idhini ya kozi ya mtoto wako. Uliza nani atamtahini na nambari ya kituo cha mtihani ni ipi, uthibitishe nambari hiyo kwa chombo chenyewe. Karo ilipwe kwenye akaunti yenye jina la chuo. Ukipewa nambari ya simu ya mtu, ondoka. Kozi wasiyoweza kukuonyesha idhini yake siku hiyo hiyo, usiilipie hata ada ya usajili.