Mwanangu, kuhusu swali la mjukuu wangu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, marahaba. Mama yako hajambo, goti limetulia tangu mvua zikatike.

Unataka ushauri mjukuu wangu aambiwe nini: kwamba dunia iliumbwa kwa siku sita kama kilivyoandika kitabu cha Mwanzo, au kwa mabilioni ya miaka kama wanavyosema wanasayansi, ambao nao, umeandika, "kila mara wanabadilisha hesabu". Nianze na huko kubadilisha hesabu, maana hapo ndipo uliponigusa.

Lile fuvu la kale la Bonde la Oldupai, kule Ngorongoro, unalijua. Mary Leakey aliliona Julai 1959. Mumewe Louis, mtoto wa wamisionari wa Kabete, kwanza alilikadiria kama miaka laki sita, akasema mwenye fuvu ndiye aliyechonga zana za mawe zilizokuwa pale. Mwaka 1961 yakaja majibu ya kipimo cha majivu ya volkano ya pale. Sehemu ndogo ya potasiamu iliyomo hugeuka gesi ya argoni polepole mno, na mwamba ukiyeyuka argoni ya zamani hutoka yote, kwa hiyo inayokutwa leo inaeleza mlima ulitapika lini. Ikawa miaka milioni 1.75! Kisha yakapatikana mabaki ya mwingine mwenye ubongo mkubwa zaidi, na mwaka 1964 Louis na wenzake wakasema zana ni za huyo. Mama yako huniuliza, "Mchungaji akigeuza mstari hivyo, utabaki kanisani?" Nisingebaki. Hata hivyo nasema na nitasema: anayerudi kutazama tena si mwongo.

Ulikuwa mdogo nilipowapeleka darasa la sita Oldupai. Jumapili iliyofuata, kwenye shule ya Jumapili, binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, jua liliumbwa siku ya nne. Zile jioni na asubuhi tatu za kwanza zilikujaje?" Katika miaka yangu yote ya chaki sijapata furaha kama ile. Swali hakulitoa kwenye mawe ya Oldupai. Alilitoa kwenye Biblia, kwa kusoma neno kwa neno kuliko sisi wakubwa. Nikamwambia Augustino, askofu wa Hippo, Algeria ya leo, alilihangaikia zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na siku zile hakuzihesabu kuwa siku za kawaida.

Wiki hiyohiyo nikaitwa na baraza la wazee. Mmoja akauliza kama nawafundisha watoto kwamba Adamu alikuwa nyani. Nikawasomea Mwanzo 1, wanyama kwanza ndipo mtu. Nikawasomea Mwanzo 2, mtu kwanza ndipo wanyama. Nikauliza nishike ipi neno kwa neno. Kimya. Darasa akapewa mwingine, na yule binti akaambiwa mbele ya wenzake aache ubishi. Langu nilishasamehe. La yule mtoto linaniuma hadi leo, maana alirudi kutazama tena, na anayerudi kutazama tena si mwongo wala si mbishi.

Lakini babu yako alikata roho na Zaburi ya 23 mdomoni, na usiku ule hakuna kipimo cha argoni kingemfaa. Basi lipo lisilobadilika. Lipo, ila sidhani ni hesabu ya siku. Halafu najiuliza: tukianza kuchagua mistari, tutasimama wapi? Mzee yule aliliogopa hilo, na haikuwa hofu ya kijinga.

Natamani sana kukuandikia "mwambie hivi", na unajua ningeandika nini. Ila mtoto ni wako na mumeo, na kanisa la mumeo linashika siku sita. Kati yenu sitaingia. Moja tu limenishinda kulizuia: akiuliza, asinyamazishwe.

Mkija Desemba nitampeleka Oldupai mwenyewe. Aje na sweta, asubuhi Ngorongoro kuna baridi, na Biblia yake aje nayo. Nipe tarehe mapema niongee na mwenye gari.

Baba yako