Kwa roboti ya mtaroni, mwige mende

Anayeanza kuchora roboti ya kukagua mitaro mara nyingi humkimbilia Cebrennus rechenbergi, yule buibui wa Morocco ambaye akitishwa hujipindua na kubiringika. Anapendeza kumtazama, ila ni kiumbe cha mchangani. Mtaroni kuna tope, nywele, mifuko ya rambo na matambara. Roboti ikibiringika humo itajiviringishia uchafu mpaka miguu ifungike.

Fundi wa mtaro ni mende. Mwaka 2016 Kaushik Jayaram na Robert Full wa Berkeley, Marekani, walionyesha kuwa mende mwenye kimo cha milimita 12 hivi hupenya ufa wa milimita 3: miguu hulala ubavuni, tumbo linaburuzika, naye anaendelea kusukuma. Hilo la kulala ndilo umbo la pili unalolihitaji, mbali na la kusimama, na halidai mota ya ziada. Kila kiungo unachoongeza ili roboti ibadili umbo ni tundu jingine la kuingiza maji.

Weka miguu sita, sevo (mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiamuru) tatu kila mguu. Ikisimama, tumbo liwe sentimita 9 juu, livuke vipande vya matofali. Ikilala, tumbo liguse chini, ipite chini ya mabomba ya maji yaliyokatiza mtaro (yapo mengi kuliko ramani zinavyosema). Chini ya tumbo funga bamba la plastiki lililokatwa kwenye dumu la mafuta ya kula. Linateleza vizuri na halinywi maji.

Wengi huharibikiwa kwenye hesabu. Roboti ina kilo 2.4 na inatembea miguu mitatu mitatu, basi mtu anagawanya kwa 3 na kupata kilo 0.8 kwa mguu. Sivyo. Upande mmoja una miguu miwili chini na upande wa pili una mmoja tu, na huo mmoja unabeba nusu nzima: kilo 1.2. Unyayo ukiwa sentimita 8 kutoka kwenye nyonga, sevo inadaiwa nguvu ya kuzungusha ya kilo-sentimita 9.6 (kilo mara sentimita). Sevo ya aina ya MG996R kwa volti 6 hutangazwa kuwa na 11 hivi, na hiyo ni nguvu ya kukwama, yaani ya mwisho inaposhindwa kuzunguka, si ya kufanyia kazi kutwa. Ikilala, miguu imenyooka, umbali unafika sentimita 12 na deni linakuwa 14.4. Hapo ndipo roboti inapolala isiamke tena.

Dawa yake: iinuke kwa miguu yote sita pamoja, ambapo kila mguu unadaiwa 4.8 tu, na ikiwa imelala isogeze mguu mmoja mmoja huku tumbo likibeba sehemu ya uzito. Kisha punguza uzito. Kilo 1.8 inatosha kabisa.

Bodi ya PCA9685, inayozipa sevo amri, ina njia 16, sevo ni 18, kwa hiyo nunua mbili na uunge alama ya A0 kwa risasi ya kulehemu kwenye moja ili anwani zitofautiane. Umeme wa sevo usiupitishe kwenye bodi hizo: sevo moja ikikwama hula ampea 2.5 hivi, na njia za shaba ni nyembamba. Ubongo (kompyuta ndogo ya roboti) upe kipunguza volti chake peke yake, la sivyo utajizima kila roboti inapoinuka.

MG996R haizuii maji. Ziba maungio kwa silikoni, paka grisi kwenye mhimili, kisha vika kila goti kipande cha tyubu ya baiskeli. Izamishe kwenye ndoo dakika 30 bila umeme, utazame mapovu yanatoka wapi.

Ndani ya kalavati la duara nyayo huteleza kuelekea katikati, kwa hiyo kwenye programu elekeza kila unyayo sentimita 1 nje zaidi ya unapokanyaga. Wi-Fi hufifia haraka humo. Tumia waya wa data uliofungwa sambamba na kamba ya nailoni. Ikikwama, zima sevo kwanza, kisha vuta kamba, usivute waya. Ukivuta zikiwa zimekaza, meno ya gia yanakatika.

Roboti hii ni ya mitaro ya mvua iliyo wazi au yenye mifuniko inayopitisha hewa. Usiiingize kwenye bomba la majitaka lililofungwa: methani ikifika asilimia 5 hadi 15 ya hewa hulipuka, na mota za sevo hizi hutoa cheche.