Mama ameapa hali wala hanywi mpaka nirudi kanisani

*Shangazi, nina miaka 23. Nimesilimu miezi minne iliyopita. Mama ameapa hatatia kitu mdomoni mpaka nirudi kanisani. Leo ni siku ya pili, na anatumia vidonge vya kisukari. Wenzangu msikitini wananiambia niwe na msimamo kama Saad bin Abi Waqqas. Nifanyeje? – Msomaji, Moshi*

Pole sana, mwanangu. Tuanze na dawa. Baadhi ya vidonge hivyo vikimezwa na tumbo tupu hushusha sukari kupita kiasi: jasho humtoka, mikono hutetemeka, maneno humchanganyika. Akiwa bado anameza vizuri, mpe maji yenye sukari. Akizimia, usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitali. Na usingoje afike huko: piga simu leo hii kliniki anakotibiwa, uulize dawa zake zifanyweje.

Wenzako wamekusimulia nusu ya kisa. Saad alikuwa kijana wa Makka, wa ukoo wa Banu Zuhra, katika watu wa mwanzo kabisa kusilimu. Mama yake alimbana kwa dini yake mwenyewe: unadai Mungu amekuusia wazazi, basi mimi ni mama yako na ninakuamuru uache. Akakaa siku tatu bila kula wala kunywa, hadi akazimia. Aliyeinuka kumnywesha maji ni mwanawe mwingine, Umara. Wakitaka kumlisha, walimpanua kinywa kwa kijiti. Ndipo ikashuka amri iliyomo katika Kurani, Sura Luqman, aya ya 15: wakikulazimisha kumshirikisha Mungu na kingine usiwatii, lakini kaa nao kwa wema. Yule Umara waadhi wengi wanamruka, na ndiye unayemhitaji sasa.

Mtafute wako: dada, mjomba, au mama wa jumuiya yake anayemheshimu. Apeleke uji mwepesi, nawe usiwepo chumbani. Akila mbele ya macho yako atajiona ameshindwa, na atakaza zaidi.

Ukiingia, sema mara moja tu: “Mama, dini sitaiacha, na wewe pia sitakuacha.” Hoja za Utatu ziache mlangoni. Yale maneno anayosimuliwa Saad, kwamba hata mama angekuwa na roho mia zikatoka moja moja asingeiacha dini, yanapendeza kwenye mawaidha. Kwa mgonjwa aliyelala na njaa ni kisu.

Kama kinachomuuma ni jina alilokupa, mtulize. Kusilimu hakulazimishi kubadili jina lenye maana njema. Saad alibaki Saad. Pesa ya matumizi isikatike, na kliniki umpeleke wewe. Asmaa binti Abubakar, Mwislamu wa zama za Mtume, alijiwa Madina na mama yake ambaye bado hakuwa amesilimu. Asmaa akamuuliza Mtume kama aunge udugu naye. Akajibiwa: ndiyo, muunge mama yako.

Akianza kula, usiende kutangaza msikitini kwamba umeshinda. Asubuhi yake mpeleke akapimwe sukari.