Mchicha wa shule: uuzwe au uliwe?

SWALI: Shangazi, shikamoo. Nafundisha shule ya msingi wilayani Kilosa na mimi ndiye ninayesimamia bustani. Watoto wanamwagilia mchicha na kabichi, sisi tunawauzia mama ntilie, fedha zinanunua chaki. Mchana watoto wanakula makande matupu. Kwenye kikao mzazi mmoja amelihoji hilo. Mpishi anasema mboga hazitoshi watoto wote. Tufanyeje?
Mwalimu wa bustani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Huyo mzazi ningekuwa huko ningemnunulia soda.

Mpishi wako hadanganyi, ila anawaza mboga ya kulia ugali. Hiyo haitatosha kweli. Mchicha ukiingia sufuriani unanywea hadi unajiuliza umekwenda wapi. Tieni kwenye makande. Nimepika shule ya bweni miaka mingi, na siri ni saa ya kutia. Subiri mahindi na maharage yaive kabisa, ndipo umwage majani yaliyokatwa, ugeuze na mwiko, dakika chache uepue. Ukiwahisha, yanakuwa rangi ya udongo, vitamini C inaishia motoni, na watoto wanayatenga pembeni ya sahani. Mafuta yawepo, hata kidogo, maana bila mafuta mwili haufaidi vizuri vitamini A ya majani.

Kabichi achana nayo. Inakukalia tutani miezi mitatu, unakata kichwa kimoja, basi. Panda matembele na kunde: unachuma, yanachipua, unachuma tena, na kunde zenyewe zikikauka zinaingia kwenye makande. Mchicha endelea nao, ila msiung'oe. Ukate, shina libaki.

Mkianza na siku moja kwa wiki inatosha.

Sasa dawa ya wadudu, hapa sina utani. Kopo limeandikwa siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna. Zifuate, na tarehe ya kupuliza iandike kwenye kibao pale pale tutani, maana mpishi hakai bustanini. (Ulipokuwa ukiuza ulizihesabu? Usinijibu.) Samadi mbichi nayo isiguse mboga, ioze kwanza. Na majani yaoshwe kabla ya kukatwa, kwa maji safi, mara mbili, si kuchovya na kutoa.

Chaki ipeleke kwenye kamati ya shule, huko ndiko kwake. Likizo zikifika watoto wamekwenda makwao na matembele yamefunga njia, hapo mwite mama ntilie.