Tochi ya trafiki ikikupiga kwa pembe

Ndugu, hoja yako kwamba askari alisimama pembeni ya barabara kwa hiyo tochi ikazidisha mwendo, usiende nayo mahakamani. Tochi ya rada hurusha mawimbi. Yakigonga gari linalokuja hurudi na masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde) ya juu kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa mwendo. Kwa rada ya gigahezi 24.15, kilomita 100 kwa saa ni tofauti ya hezi 4,470 hivi. Rada iliyosimama ikikupiga kwa pembe husoma pungufu: kwa nyuzi 20, ile 100 inaonekana 94. Yaani ulipendelewa!

Penye mwanya ni kwenye kutambua gari. Mwali wa rada hutanuka. Ule wa nyuzi 12, ukifika mita 300, una upana wa zaidi ya mita 60. Humo mnaingia magari kadhaa, na lori kubwa nyuma yako laweza kusomwa badala yako. Ulikuwa peke yako barabarani? Askari alikuona kwa macho kabla ya kutazama namba ya mwendo kwenye tochi? Omba cheti cha upimaji wa kifaa na kumbukumbu za kukijaribu siku hiyo.

Kama rada ilikuwa ndani ya gari la polisi linalotembea, likija kuelekea kwako, chimba zaidi. Rada hiyo hupima mwendo wa gari la polisi kwa mawimbi yanayorudi kutoka ardhini, kisha huutoa kwenye mwendo mnaokaribiana. Ikidaka lori linalotembea mbele yake badala ya ardhi, husoma mwendo wa gari la polisi pungufu, na kilichopungua unabebeshwa wewe.

Tochi ya leza ni habari nyingine, mwali wake ni mwembamba sana.