Grisi sio najisi: kwa madogo mnaoanza gereji

Madogo mnaoingia gereji, hili nawaambia mapema maana mimi lilinikosesha swala nyingi sana enzi za usaidizi wa fundi. Adhana ya adhuhuri ikilia naangalia ovaroli imelowa oili, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, nasema ntaswali nyumbani nikishaoga, nikifika huko adhuhuri na alasiri zote zimeshapita.

Oili, grisi, dizeli, jasho, vumbi, hivyo ni uchafu lakini sio najisi, yaani sio uchafu wa kidini unaozuia swala, nguo yenye oili unaswalia na swala inaswihi. Najisi ni vitu vinavyojulikana, mkojo, kinyesi, damu, matapishi. Sasa mwenzio kapiga jinsi safi na pafyumu juu lakini asubuhi kakojoa wima ukutani mkojo ukamrukia, umekauka, hakuna anayeuona, huyo ndo ana shida na swala yake kuliko wewe mwenye oili. Mtume (s.a.w.) alipita kwenye makaburi mawili akasema wenyewe wanaadhibiwa, mmoja alikuwa hajikingi na mkojo. Chuchumaeni jamani, na kopo la maji mbebe.

Grisi inaleta tatizo kwenye udhu tu, kwa sababu maji lazima yafike kwenye ngozi. Weusi uliobaki kama doa hauna neno, ila grisi nzito, puti, supa gluu au rangi ya kupulizia iliyoganda kwenye kucha inazuia maji. Mimi robo saa kabla ya adhana nachovya tambara kwenye dizeli, nasugua vifundo na pembeni ya kucha, halafu sabuni ya unga na unga wa mbao, nasuuza ndo natawadha. Rangi itoe kwa tina taratibu, ikigoma kabisa muulize ustadhi wako, usijikwangue mpaka damu.

Halafu gereji nyingi zina mbwa wa mlinzi. Bakuli alilolamba ukiliosha kwa sabuni likang'aa, sisi wa madhehebu ya Shafii tunasema bado, linaoshwa mara 7 na moja iwe kwa udongo. Udongo! Na anayekosa maji anajipaka vumbi usoni na mikononi, anatayamamu, na anaswali. Hapo ndo nilielewa kwamba twahara, yaani usafi wa ibada, ina hesabu zake na usafi wa kawaida una zake.

Ila msichukulie usafi poa. Mtume alimkataza aliyekula kitunguu saumu asiusogelee msikiti, na huyo udhu wake hauna kasoro, shida ni harufu inayowakera wenzake. Kwa hiyo msiende kudondosha oili kwenye mazulia ya watu, weka kikoi na shati kwenye mfuko, tundika msumarini mbali na kompresa. Siku kazi imebana na msikiti uko mbali, mimi natandika boksi la vipuri nyuma ya kontena naswali na ovaroli yangu hivyo hivyo.