Vijana wako wamepanda daraja? Soma hii kabla hujakaa kikao na viongozi

Juzi nimepata meseji ya kijana mmoja wa Kahama, anafundisha timu ya vijana, wengi wao miaka 17 na 18. Wamechukua ubingwa wa wilaya na msimu ujao wanaingia ligi ya mkoa, daraja la tatu. Kaandika kwa furaha kabisa, alafu mwishoni kaweka swali: "Kaka, wazee hapa wanasema tumepanda mapema mno, watoto wataenda kuvunjwa miguu. Wanataka tusajili watu wazima wengi. Wewe ulipitia haya, unasemaje?"

Nilimjibu kifupi usiku uleule ila jambo lenyewe haliishi kwenye meseji, na najua huko mitaani wapo makocha wengi wenye ndoto kama zetu na wanakutana na wazee walewale. Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa. Kama vijana wamepanda kwa kucheza uwanjani, hilo daraja ni lao. Kinachowaua ni ile miezi michache kati ya siku ya kupanda na mechi ya kwanza ya ligi mpya, pale viongozi wanapoanza kuogopa na kuivunja timu kwa jina la kuiimarisha.

Mimi nilikua na timu yangu huku Mwanza, upande wa Ilemela. Sitaitaja jina kwasababu bado ipo na viongozi wengine bado wapo. Wale watoto niliwaokota kwenye chandimu, ule mpira wa mitaani, na mashindano ya shule, Umitashumta na Umisseta, nikawa nawafundisha jioni nikishafunga kibanda changu cha simu. Mipira nilinunua mimi, nauli mara nyingi nilitoa mimi, na kwa wazazi nilienda mimi kuomba ruhusa mlango kwa mlango. Kuna mama mmoja wa Kirumba alinikatalia kabisa, mwanae alikua namba sita, kiungo wa kukaba, ambaye mpaka leo sijaona tena kijana anaesoma mchezo vile, nikarudi na kurudi mpaka akasema haya mchukue lakini akifeli nakuja kwako. Hakufeli.

Tulikaa pamoja mpaka wale vijana wakawa wanajuana kwa macho tu. Beki wa kushoto akipanda, namba sita anashuka kuziba bila kuambiwa. Hicho kitu hakinunuliwi popote. Tukapanda kwenda ligi ya mkoa, na mechi ya mwisho tuliwapiga watu wazima kabisa, wanaume wenye ndevu, na mashabiki waliokuja kutucheka wakaishia kutupigia makofi. Siku ile nilijivunia na bado najivunia, hakuna mtu atakaeniondolea hilo.

Kikao kikaitishwa. Mwenyekiti akaja na bwana mmoja mwenye hela zake aliekubali kutudhamini, na huyo bwana akaja na karatasi ina majina. Wachezaji waliowahi kupita timu kubwa kubwa, wengine umri umeshaenda, wengine walikua wanazunguka kwenye ndondo, mashindano ya mitaani, kutafuta posho. Nikauliza hawa wanakuja kukaa na vijana au kuchukua nafasi zao? Nikajibiwa "kocha, daraja hili sio la watoto". Nilipinga pale pale mbele ya wote. Nilisema waongezeni watu wawili au watatu wa kuwaongoza, kipa mzoefu na beki wa kati, basi, wengine muwaache. Wakanisikiliza kwa adabu, alafu wakapitisha yao.

Kilichofuata unakijua. Watu wazima wanataka posho kabla ya kuvaa jezi, vijana wanaangalia. Mazoezini wakubwa wanakuja siku wanayotaka. Mechi za kwanza tukafungwa, na waliofungwa ni haohao wazoefu waliosemwa wanalijua daraja. Vijana wangu wapo benchi wamekaa kimya na njumu zao.

Sasa kuna mechi moja ya Sengerema. Wale wakubwa waligoma, posho ya mechi iliyopita ilikua haijatoka, na usiku nikapigiwa simu niwakusanye vijana wangu niende nao. Nilizunguka usiku ule nyumba kwa nyumba. Asubuhi tukapanda daladala mpaka Kigongo, tukavuka na kivuko kwenda Busisi, hapo daraja la kuvukia ziwa halijafunguliwa bado, vijana wanaimba kwenye kivuko utadhani wanaenda harusini. Wapinzani walikua wanaongoza ligi. Dakika za mwanzo tulipigwa mabega mpaka nikafumba macho, winga wangu alirushwa nje ya chaki mara mbili na refa anatazama tu, tukafungwa goli la kona. Alafu nikaona namba sita wangu anawaita wenzake, anawaonyesha kwa mikono kwamba mpira usikae mguuni, gusa toa, gusa toa. Watu wazima wakaanza kukimbiza upepo. Kipindi cha pili tukasawazisha, 1-1, na kocha wao baada ya mechi akanifata akaniuliza hawa watoto mlikua mmewaficha wapi.

Wiki iliyofuata posho ikatoka na wakubwa wakarudi kwenye kikosi. Wote! Hata yule namba sita akarudishwa benchi. Mimi nikaambiwa kwa simu kwamba kuanzia sasa ni "kocha wa vijana", wakati vijana wenyewe walishaanza kuondoka, wengine wamefuata hela za ndondo, wengine wamerudi shule na mpira wakaachana nao. Timu ikashuka. Na walioshusha ndio hadi leo wanasema kwenye vijiwe kwamba tulipanda mapema. Hii kauli inaniuma mpaka kesho.

Mtu anaweza kusema huyu anaongea kwa hasira za timu yake. Basi tuongelee timu ambazo kila mtu anazijua.

Chukua Mbao FC ya hapa hapa Mwanza. Kama kuna timu ilipanda kabla ya wakati wake ni hii, maana hata kupanda kwenyewe haikutegemea. Msimu wa 2015/16 kundi lao la daraja la kwanza, ngazi ya chini ya Ligi Kuu, lilimalizika kwa yale magoli ya ajabu, Geita Gold ikishinda 8-0 na Polisi Tabora 7-0, TFF, shirikisho la mpira, ikaadhibu timu zilizohusika na upangaji matokeo na Mbao ikajikuta imepanda Ligi Kuu. Watu walisema hawa watarudi walikotoka kabla ya Krismasi. Kocha Mrundi Etienne Ndayiragije akafanya kazi na vijana ambao hakuna aliewajua, na mwaka 2017 wakaitoa Yanga 1-0 nusu fainali ya kombe la FA pale Kirumba, wakaenda fainali Dodoma na Simba wakapoteza 2-1 tena kwenye muda wa nyongeza. Na ligi wakabaki. Timu iliyopandishwa kwa uamuzi wa mezani!

Alafu angalia kilichokuja baada ya pale. Pius Buswita akaenda Yanga, Jamal Mwambeleko na kipa Emmanuel Mseja wakaenda Simba, mwaka uliofuata Habib Kiyombo akaenda Singida United, na kocha mwenyewe akaondoka 2018 kwenda KMC na baadae tukamuona mpaka Taifa Stars. Mwaka 2020 Mbao ikashuka baada ya kutolewa na Ihefu kwenye mechi za mchujo. Kwahiyo niambie, ilikufa kwasababu ilipanda mapema? Ilikaa Ligi Kuu misimu minne! Ilimalizwa na kunyofolewa mtu mmoja mmoja bila kuandaa wa kuziba.

Mbeya City vilevile. Walipanda 2013 na Juma Mwambusi, hawakukimbilia majina, msimu wa kwanza tu 2013/14 wakamaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, msimu ule Azam anachukua ubingwa bila kufungwa. Nakumbuka lile wimbi la mashabiki wao waliosafiri nchi nzima. Miaka miwili mbele Deus Kaseke yupo Yanga na Mwambusi mwenyewe yupo benchi la Yanga, na Mbeya City ile haikurudi tena kua ile.

Upande wa pili kuna waliopanda wakaamua kununua. Singida United 2017 walisajili kwa kishindo, wageni kibao na Hans van der Pluijm kama kocha, wakafika fainali ya FA 2018 wakafungwa na Mtibwa 3-2, watu wakasema mfano wa kuigwa ndio huu. 2020 wakashuka. KenGold wa Chunya wamepanda 2024 wakiwa mabingwa wa Championship, ligi ya chini ya Ligi Kuu, mambo yakawa magumu, dirisha dogo la usajili katikati ya msimu wakaleta majina makubwa kina Bernard Morrison, na bado wakaburuza mkia na kushuka. Sisemi usajili ni dhambi. Nasema timu iliyopanda kwa kujuana, ukiivunja kujuana kwake umeirudisha sifuri, tena katikati ya ligi ngumu zaidi.

Alliance nao siwezi kuwaacha, timu ya shule ya mpira, vijana watupu, walipanda Ligi Kuu 2018 na 2020 wakashuka. Wengi wanaitolea mfano wa kupanda mapema. Mimi naona tofauti, maana Israel Mwenda alitoka pale akaenda KMC na baadae Simba, sasa huyo bila ile misimu miwili ya Ligi Kuu nani angemuona? Kushuka sio msiba kwa timu ya vijana. Ihefu waliowatoa Mbao walishuka 2021 wakapanda tena 2022, na Novemba ile ile pale Mbarali ndio wakaifunga Yanga 2-1 na kuvunja rekodi ya mechi 49 bila kufungwa.

Sasa kuhusu hofu ya kuvunjwa miguu. Hii siidharau, mwili wa miaka 17 sio wa miaka 28, na ukikutana na timu za majeshi utalijua hilo dakika ya kwanza. Ila dawa yake ipo mazoezini. Vijana wafanye mazoezi ya nguvu kwa uzito wa miili yao wenyewe, wajifunze kutoa mpira mapema, wacheze mechi za kirafiki na watu wazima kabla ligi haijaanza ili ule mshtuko wa mabega waupate huko. Usimchezeshe mtoto mwenye maumivu kwasababu eti mechi ni muhimu, kifundo cha mguu cha miaka 17 kikiharibika kinamfata maisha yote. Na wape kupumzika. Dickson Job alikua nahodha wa Serengeti Boys, timu ya taifa ya chini ya miaka 17, iliyoenda AFCON ya vijana Gabon 2017, hakukimbizwa, alilelewa Mtibwa akacheza taratibu mpaka Yanga walipomchukua 2021, na leo hakuna anaeuliza kama mwili wake unahimili.

Shule nayo. Hesabu wangapi wako form four, mtihani wa taifa ni Novemba, ongea na wazazi sasa hivi na sio wiki ya mechi. Mzazi ukimuheshimu atakua mlinzi wako siku viongozi wakikugeuka.

Jambo jingine ambalo makocha wa mitaani tunalipuuza ni makaratasi. Kila kijana asajiliwe kwa jina lake na umri wake wa kweli, na nakala ukae nazo wewe mwenyewe, sio mwenyekiti peke yake. FIFA ina utaratibu kwamba mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ile hela inagawanywa kwa timu zilizomlea kuanzia miaka 12 mpaka 23. Timu yako ya Kahama inaweza kuingia kwenye mgao huo, lakini kama hakuna usajili na hakuna ushahidi hupati hata shilingi. Vijana wangu wawili leo wanacheza Championship na hakuna karatasi hata moja inayoonyesha walipita kwetu, wale viongozi hawakua na muda wa hayo, walikua na muda wa kugombania posho tu.

Narudia tena na nitarudia kila nikiulizwa, msiivunje timu. Ongezeni wawili watatu, wenye tabia nzuri, wanaokubali kulala kambi moja na watoto na kula ubwabwa uleule. Wakija na masharti ya posho tofauti, waacheni waende. Na viongozi mnaosoma hapa, mnawasimamisha watoto wa watu kwenye jua wanawapa daraja, alafu mnawaambia daraja sio lao. Mungu anaona hayo mambo.

Mdogo wangu wa Kahama, panda nao. Kikao chenu umesema ni Jumamosi, nenda na majina ya vijana wote waliocheza msimu huu, yaandikwe kwenye fomu ya usajili kwanza kabla ya jina la mtu yeyote mgeni, na kwenye muhtasari wa kikao iandikwe kwamba wageni hawazidi watatu, mwenyekiti na katibu wasaini. Wakikataa kusaini nipigie simu hukohuko kikaoni, niweke kwenye spika, nitaongea nao mimi.